Siku Nne Nilizokaa Bure

Mume wangu alikufa Jumamosi, akazikwa Jumamosi hiyohiyo kabla jua halijazama, na mimi nikaingia ndani. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, haendi sokoni wala harusini, na mwanamume asiye wa kwake anazungumza naye nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo sheria na sikuja hapa kubishana nayo. Ninaandika kwa sababu niliishika vibaya, kwa kiburi, na hasara yake ilikuwa mdogo wangu.

Mimi si mtoto wa Kiislamu. Nilizaliwa Karambi, kwa watu wa kahawa na mihogo, na wazazi wangu walikuwa Wakatoliki wa kupiga magoti asubuhi na jioni. Niliingia dini kwa ndoa. Miaka zaidi ya arobaini nimefunga, nimeswali, nimeosha maiti za wanawake wa hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, lakini wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja, hajasahau nilikotoka. Akikasirika kidogo tu anasema, "Wewe dini uliipata kitandani." Namjibu, "Na wewe uliikuta mlangoni hukuifanyia kazi." Tunanuniana siku mbili, halafu tunakula sahani moja.

Basi eda ilipokuja nilijiambia: hii hapana mtu atanikosoa. Nikatundua kalenda ya duka la simenti iliyokuwa sebuleni, nikaitundika juu ya kitanda changu. Nikahesabu miezi minne, nikaongeza siku kumi, kidole kikaangukia Ijumaa. Nikaizungushia wino. Kila jioni nilipiga mstari juu ya siku iliyopita. Kuhesabu ninajua. Shule niliacha darasa la tatu, lakini hesabu hazikuniacha.

Chumba changu kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta wa stoo ya jirani. Ukuta ule nimeujua kuliko uso wa mume wangu. Una ufa unaoshuka kutoka kwenye bati, katikati unagawanyika, tawi moja linaishia hewani. Nilikuwa nasikia malori yanayongoja kuvuka Mpondwe kwenda Kongo, madereva wakitukanana kwa lugha nne, na kila injini iliyonguruma nilijua ni ya gari gani, maana mume wangu alikuwa msafirishaji. Alikuwa anachukua chumvi Kabatoro na kuipeleka ng'ambo, anarudi na mawese na mbao. Maisha yangu yote na yeye yalikuwa ya mtu anayetoka na mtu anayebaki. Sasa yeye ametoka moja kwa moja, na mimi nimebaki hata uani naenda kwa hesabu: jikoni, chooni, kwenye pipa la maji, kurudi. Wifi yangu alikaa kwenye mlango wa mbele kama afande wa mpakani. Wageni aliwauliza wanataka nini, wamebeba nini, watakaa muda gani.

Mwezi wa pili mdogo wangu alianza kupiga simu.

Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aliolewa Kongo, upande wa Beni, na mfanyabiashara Mkatoliki kama yeye, na huko lugha yake ikageuka ikawa ya huko. Vita vilipomla mume wake alivuka mpaka na watoto wanne. Sasa alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kamwenge, na jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya watu wanaopelekwa Kanada. Walikuwa wanafundishwa Kiingereza kabla ya kupandishwa ndege.

"Yaya," aliniambia. Ndivyo wanavyomwita dada mkubwa huko. "Weye ulisoma Kiingereza."

"Nilisoma mpaka darasa la tatu. Najua gudi moningi."

"Hiyo inatosha. Niambie, leave ni nini?"

Sisi tunalitamka liivu. "Ni kuondoka," nilisema.

"Jana mwalimu alisema vile. Leo anasema ni kubakisha. Ati ukibakisha chakula kwa sahani, umefanya hiyohiyo leave. Sasa ni kuondoka ao ni kubakia? Mutu anaenda, kintu kinabaki, na beko na neno moja tu?"

"Wazungu wanabana matumizi."

Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, nikaziba mdomo kwa shuka, kwa sababu mjane anayecheka chumbani mchana anazungumzwa.

Tukawa tunalichezea neno hilo kila alipopiga. Wiki moja akasema ni likizo. Nikamwambia hiyo naijua, madereva wa mume wangu walikuwa wanaomba liivu kila Krismasi hata walio Waislamu, na wanajeshi pia, unamwona amekaa kwa mama yake miezi miwili anasema yuko liivu, kumbe ametoroka. Wiki nyingine akasema ni marehemu anapoacha watu wake: mutu amekufa, ameacha mjane, ameacha nyumba, ameacha Fuso mbili. Hapo akaona amenigusa kidonda.

"Endelea," nilimwambia. "Ni kweli. Mimi ndiye chakula kwenye sahani."

"Unakumbuka mama?" akasema. "Hakukwangua sufuria hata siku moja kama mutu wa nyumba hajarudi."

Nilikumbuka. Kwetu Karambi, aliyeko njiani hubakiziwa. Baba alikuwa anaenda kuuza kahawa, analala huko siku tatu, na siku zote tatu mama alibakiza konzi moja chini ya sufuria, akafunika. Asubuhi tulipewa sisi watoto. Kesho jioni anabakiza tena.

Maana nyingi tulizipitia, lakini kuna moja hatukuigusa. Ile ya kuamrisha. Mwalimu wake lazima aliifundisha, ndiyo nyepesi kuliko zote. Hakuitaja, na mimi sikuitaja, kwa sababu niliwahi kumwambia yeye.

Ilikuwa hivi. Alipotoka Beni alikuja kwangu. Aende wapi tena? Alitembea siku tatu na watoto wanne nyuma yake, na kichwani sufuria moja kubwa ya bati zito, ya kupikia watu kumi, isiyo na mfuniko. Nilimuuliza kwa nini amebeba sufuria akaacha nguo. Akasema, "Nguo banaweza kukupa. Sufuria hakuna mutu anakupa." Tulilala watu wanane katika vyumba viwili. Mume wangu hakusema neno. Wifi yangu alisema mengi, lakini alikuwa anawaogesha watoto wale kila jioni, tusimwonee.

Akakaa kwetu miezi mitano. Ikafika Pasaka. Wakatoliki wenzake waliwapa wakimbizi nyama, na nyama yenyewe ilikuwa ya nguruwe. Kilo moja. Watoto wake walikuwa hawajaonja nyama tangu walipovuka. Hakuja kunidharau, hilo nalijua leo na nililijua siku ile. Alisubiri tumeenda kwenye maziko, akawasha moto nyuma ya banda la kuku, nje kabisa, akapika kwenye sufuria yake mwenyewe aliyoibeba kichwani mwake mwenyewe. Alidhani nyuma ya banda si nyumbani kwetu.

Sisi tulirudi mapema.

Wifi yangu alisikia harufu tangu barabarani. Aliingia uani anapiga kelele majirani wakatoka. "Nyumba imenajisika! Nyumba ya baba yangu! Si niliwaambia? Damu haibadiliki!" Na alipokuwa anasema damu hakuwa anamtazama mdogo wangu. Alikuwa ananitazama mimi.

Mume wangu aliingia chumbani akafungua redio.

Na mimi, mbele ya majirani, kwa kutaka kuonekana niko upande gani, nilimwambia mdogo wangu, "Ondoka kwangu."

Nilisema mara moja. Hakubisha. Aliwafuta watoto midomo kwa upande wa kitenge chake, mmoja baada ya mwingine, akawashika mikono. Mlangoni akageuka. "Yaya, mulango huu sitauvuka tena mupaka weye mwenyewe unifuate." Akaenda Kasese, akapata mwanamke wa kwao anayeuza vitenge sokoni, akamsaidia kuuza, halafu akaandikishwa kambini. Sufuria aliiacha kwenye moto. Niliipindua kwa kijiti, nikaisukuma mpaka kwenye ua, na pale ikakaa miaka mitatu ikinyeshewa.

Mume wangu alipokufa alinipigia pole, akalia nami. Hakuja. Mlango ule ule.

Sasa fikiri mtu amefungiwa, na kila akienda kwenye pipa la maji anaiona sufuria ile. Nilipokuwa na miguu yangu sikuwa naiona. Nilikuwa na soko, maziko, harusi, wagonjwa wa kutazama. Eda iliniondolea vyote, ikaniachia ukuta wenye ufa na sufuria iliyoota majani.

Siku moja, nadhani mwezi wa tatu, niliivuta. Dini inasema chombo kilichoguswa na nguruwe kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Nikakaa juu ya kigoda, nikaanza kwa udongo.

Wifi yangu akatokea. "Unaosha nini?"

"Sufuria."

"Ile?"

"Kuna nyingine?"

"Ya nini sasa?"

"Ya kupikia. Hii ni ya pili, usinipoteze hesabu."

Alisimama pale mikono kiunoni akitafuta aya ya kunizuia, hakuipata. Nilipofika mara ya sita niliona midomo yake inatembea. Na yeye alikuwa anahesabu. "Saba," akasema, akaingia ndani.

Sikumwambia mdogo wangu. Nilipanga: nikitoka eda, kabla sijaenda sokoni, kabla sijaenda kaburini, nitabeba sufuria hii mpaka kambini, niiweke miguuni pake, nimwambie lile neno nililopaswa kusema miaka mitatu iliyopita. Neno la namna hiyo halisemwi kwenye simu. Ndivyo nilivyoamini. Radhi inaombwa kwa macho.

Jumanne ya wiki ya mwisho akapiga. Sauti yake ilikuwa mbio.

"Yaya, tarehe imetoka. Jumamosi basi inatupeleka Entebbe."

"Jumamosi hii?"

"Hii. Banasema kila mutu awe kambini kuanzia Alhamisi usiku. Ninaomba Alhamisi banipe ruhusa ya siku moja. Ninakuja Kasese kuaga rafiki yangu wa vitenge. Kuja, Yaya. Nitakungoja pale kwake sokoni. Saa kumi gari inarudi. Nisipolala kambini bananifuta kwa liste."

Nilitazama kalenda. Ijumaa ilikuwa inanikodolea jicho lake la wino.

"Mimi natoka eda Ijumaa," nilisema.

"Ijumaa sitakuwa."

"Siku moja tu. Waambie wakupe Ijumaa."

"Yaya, hawa hawapeani. Kuja weye."

"Njoo wewe Bwera basi. Kutoka Kasese ni saa moja na nusu."

Nilijua ninachomwomba. Nilijua pia kwamba mlango ni wangu, mimi ndiye niliyeufunga, na anayeufungua lazima atoke nje.

"Niko ndani ya eda," nilisema. "Nimekaa miezi minne. Siwezi kuivunja kwa siku moja, watasema nini?"

"Nani?"

Niligeukia kalenda.

"Nitakungoja tu," akasema.

Usinifikirie sikuteseka. Jumatano sikula. Niliivaa hijabu nikaivua. Nilisimama kwenye korido, wifi yangu akainua macho. "Unatafuta nini?" "Maji." "Maji yako uani." Nikarudi. Shehe wetu aliniambia baadaye kwamba hata ndani ya eda mtu akiwa na haja anaweza kutoka mchana, akarudi kulala kwake, angeniruhusu bila maneno. Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa akisema ndiyo, wifi yangu atasema dini ya kitandani haikufika hata mwisho. Kitu nilichokuwa nalinda kilikuwa kidogo hivyo.

Alhamisi asubuhi nilikaa kitandani na sufuria sakafuni mbele yangu. Nilijua saa tatu ameshafika. Saa saba nikaswali. Niliomba gari la kambini liharibike. Mungu anisamehe, niliomba mvua ibomoe daraja.

Saa nane kasoro akaingia hajati. Huyu ni bibi wa hapa Bwera anayewaosha maiti wa kike na kuwatoa wajane eda: anaogesha mjane, anamvalisha nguo nyingine, anamwombea dua, anamtoa mlangoni. Alikuwa Kabatoro wiki mbili, binti yake amejifungua. Aliingia anahema, akanikuta na gauni langu la rangi ya majivu, akasimama.

"Mama, hujatolewa?"

"Ni kesho, hajati. Nilikuwa nakungoja kesho."

"Kesho ya nini? Mimi nimekuja kuomba msamaha kwamba nilichelewa, nikajua mwenzangu amekutoa Jumatatu."

"Jumatatu?"

Akafuata macho yangu mpaka ukutani, kwenye kalenda. Akaisogelea, akaweka kidole juu ya picha ya mfuko wa simenti.

"Umehesabu kwa hii?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Miezi ya nani? Mama, sisi tunafunga kwa mwezi, tunafungua kwa mwezi, tunakwenda Makka kwa mwezi. Eda utahesabu kwa kalenda ya mwenye duka?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, mwezi hadi mwezi ulivyoandama, lakini sikuhitaji vidole vyake. Mimi hesabu najua. Miezi minne ya mbinguni ni mifupi kuliko minne ya ukutani. Siku nne. Eda yangu ilikuwa imekwisha Jumatatu. Mdogo wangu aliponipigia Jumanne nilikuwa mwanamke huru, nimekaa juu ya kitanda changu, nimejifunga kwa wino wangu mwenyewe. Miaka arobaini ya kutazama mwezi wa Ramadhani, na siku ya kuuhitaji nikarudia kalenda ya kwetu Karambi, ya baba yangu, ya Pasaka na Krismasi.

Wifi yangu alikuwa mlangoni, amesikia. Ninamshukuru kwa jambo moja: hakusema damu.

"Maji yako tayari nikuogeshe," hajati akasema.

"Nitaoga nikirudi."

Nilibeba sufuria nikapita kati yao. Nje jua lilinipiga usoni kama kofi. Nilimpigia mdogo wangu simu, imezimwa. Rafiki wa mume wangu, dereva mzee aliyefanya naye kazi, alikuwa anapakia kahawa kwenye Fuso kwenda Kasese. Hakuniuliza kitu. Alinisukuma juu, akaniwekea sufuria mapajani, tukaondoka saa nane na nusu.

"Endesha," nilimwambia.

"Mama, hii imebeba tani saba."

"Nimesema endesha."

Mbele ya mbuga kuna kizuizi cha wanajeshi. Kijana wa bunduki akapanda kwenye ngazi ya gari akachungulia.

"Mama! Unabeba nini humo?"

"Sufuria, afande."

"Ndani?"

"Tupu."

"Toka Bwera na sufuria tupu? Lete hapa." Akaigeuza juu chini, akaigonga kwa kidole, akanirudishia. "Unaenda kuolewa?"

"Ninaenda kuomba radhi. Fungua barabara."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alishuka akainua mti.

Ndani ya mbuga hakuna mtandao. Nyasi, nyati, nyasi. Niliishika simu kwa mkono wote kama mtu anayeshika yai. Tulipotoka upande wa pili ikapata nguvu, nikapiga, na mara hii ikaita. Ikapokelewa.

"Uko wapi?" nilisema. "Niko njiani. Nimefika karibu. Usipande gari."

"Mama, si yeye." Ilikuwa sauti ya mwanamke mwingine, ya huko kwao. "Ni mimi wa vitenge. Ameondoka sasa hivi. Gari ilijaa mapema, bakamuita. Simu ameniachia, ati huko Kanada hii laini haifanyi kazi."

Dereva aliuliza kama ageuze. Nikasema twende tu.

Sokoni Kasese yule mwanamke alikuwa amekaa kati ya vitenge vyake, akasimama akanishika mikono pamoja na sufuria. Alinionyesha benchi. Ni ubao tu juu ya matofali.

"Alikaa hapa tangu saa tatu. Nikamwambia kula, hakula. Alisema, 'Yaya hatakuja, mimi ninamujua, akisema sheria ni sheria.' Lakini hakutoka kwa benchi. Hata alipoenda chooni alisema nimuangalilie njia."

"Ameacha neno?"

Akafikiri vizuri, asinidanganye. "Hapana, mama. Neno hakuacha."

Mwishoni mwa benchi kulikuwa na kikombe cha chai, nusu. Nilikigusa. Kilikuwa bado na uvuguvugu.

Nilikaa pale alipokaa yeye, sufuria kwenye magoti, mpaka dereva alipomaliza kushusha kahawa. Watu walipita. Wengine waliuliza sufuria ni shilingi ngapi.

Niliporudi Bwera kulikuwa na giza. Wifi yangu alifungua mlango kabla sijabisha.

"Umempata?"

"Ameondoka."

Alinyoosha mikono akaichukua sufuria, yeye, kwa mikono yake mitupu, akaipeleka jikoni akaiweka kwenye chanja pamoja na zetu. Hajati alikuwa amengoja. Aliniogesha, akanivalisha gauni la kijani, akaniombea dua, akanitoa mlangoni nikaitazama barabara. Nilitolewa eda ambayo sikuwamo.

Miezi ilipita. Nilikuwa natembea sasa, sokoni, maziko, mpaka Ibanda kutazama mgonjwa, hapana aliyenizuia, na kila nilipofika nilihisi nimekaa bado mbele ya ule ukuta. Nina miguu, lakini mahali pa kwenda pamehamishwa.

Halafu mchana mmoja simu ikaita, namba ndefu kama treni.

"Yaya. Huku baridi inauma meno."

Aliniambia habari za watoto, za shule, za theluji ambayo mtoto mdogo alijaribu kuila. Nilimngoja amalize. Alipouliza, "Eda ulimaliza salama?" nilikuwa na njia mbili. Ningesema ndiyo, Ijumaa, kama nilivyokuambia, naye angebaki akijua nilizuiwa na dini. Alikuwa ameshaniwekea udhuru tayari, wa kuuokota tu.

"Ilikuwa imekwisha," nilisema. "Siku uliyoniita ilikuwa imekwisha tangu jana yake. Nilihesabu vibaya. Na hata isingekwisha ningeweza kuomba ruhusa. Sikuomba."

Nikaendelea kabla hajasema kitu.

"Na siku ile ya Pasaka nilikuambia ondoka. Nilikosea. Nilijua nakosea nikasema hivyohivyo. Nisamehe."

Niliitazama simu kama haijakatika. Nilikuwa nimesema kwenye simu lile neno nisiloamini linasemwa kwenye simu, na sikuwa na macho ya kutazama.

"Yaya."

"Niko."

"Sufuria yangu iko?"

"Iko."

"Hukutupa?"

"Niliiosha mara saba. Moja kwa udongo."

"Mara saba!" Pumzi yake ikakatika, nikashindwa kujua analia au anacheka. "Yaya, nyama ilikuwa kilo moja tu."

Hapo tukacheka sote, na wifi yangu akatoa kichwa jikoni kuuliza kuna nini.

"Usiifungie," mdogo wangu akasema. "Pika sombe. Pikia watu."

Hakusema amenisamehe. Nimeyarudia maneno yake yote kichwani, moja moja, kama nilivyokuwa narudia tarehe, na hilo halimo. Alisema pika.

Basi ninapika. Kila Jumamosi, wajukuu wangu wanapokuja kulala, ni sombe, kisamvu cha huko Kongo, kwenye sufuria ile, ya mawese, kama anavyopika yeye. Wifi yangu anakula, anaomba aongezewe, anasema chumvi imezidi. Watu wakishiba anainuka kuikwangua, nami ninamshika mkono. Konzi moja ninaibakiza chini, ninafunika kwa sahani, kwa sababu sufuria yenyewe haina mfuniko.

Asubuhi wajukuu wanakuta iko pale. Wanakula.